Hendibreki ya Ami na Bomba la Mama

Ami yangu alikuwa na mke mmoja na gari moja, na ulipita muda mrefu vitu hivyo viwili haviendi pamoja. Mkewe akitaka kwenda Mgogoni kumtazama mamake, alikuwa akipanda gari ya abiria. Ami naye anatoa gari yake, anaifuata ile ya abiria nyuma nyuma, mwendo wa bi harusi, kutoka Jadida, kwetu hapa Wete, mpaka huko Mgogoni. Ikisimama, na yeye husimama. Mkewe akishuka, na yeye hushuka, akamchukulia mzigo wake mpaka mlangoni kwa mkwewe. Jioni wanarudi vivyo hivyo: mke mbele kakaa na watu, mume nyuma peke yake na kiti kitupu pembeni.

Watu wakicheka, kwa nini wasicheke. "Mzee, wamsindikiza mkeo ama wamvizia?"

"Namchunga, asije mtu akanichukulia," ami akijibu, na anacheka nao.

Mimi ndiye niliyekuwa sicheki. Kijana mmoja pale sokoni alianza neno lake kuhusu mzee anayefukuza mke kwa gari, na hakulimaliza. Nilimrukia. Nikarudi nyumbani mdomo umevimba, shati limeraruka, na moyoni nadhani ntasifiwa. Ami akanitazama, akasema, "Sasa huyo umempiga kwa lipi? Mimi kweli namfuata mke wangu. Mtu kasema kweli, wewe wampiga."

Ndivyo nilivyo. Ukimgusa ami yangu umenigusa mimi, na ukimgusa mkewe ndiyo usiniulize tena. Maana mke wa ami ndiye mama ninayemjua. Wa kunizaa alikufa nikiwa natambaa, baba akaenda Mombasa kutafuta maisha na akayapata huko huko, na mama huyu akanipokea kama mtu aliyekuwa akiningojea. Ninapoandika mama hapa, ni yeye. Skuli niliiacha njiani. Gari nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua kitu na kukirudisha, na kikibaki kipande mkononi nafungua tena.

Lakini mama hakuwa hivyo siku zote. Zamani kile kiti cha pembeni ya ami kilikuwa chake, hakikaliwi na mwengine, na kazi yake ndani ya gari ilikuwa jiwe.

Hili la jiwe nilieleze kwa wasiokuwa wa kwetu. Gari zetu zote zilikuja kwetu zimeshachoka kwa watu wengine, na kitu cha mwanzo kufa katika gari ni hendibreki. Hakuna aliyehangaika kuifufua. Inakaa pale katikati ya viti, imelala kama mkono wa mgonjwa. Na Pemba ni mlima na bonde, mlima na bonde. Ukisimama, gari kama haiteremki mbele yateremka nyuma. Basi kila gari ilikuwa na jiwe lake, na kila jiwe na mtu wake. Dereva anasimama, kakanyaga breki ya mguu, anaita, "Jiwe!" Mtu wa jiwe anashuka mbio, analisukumiza nyuma ya tairi, anasema, "Tayari!" Hapo ndipo dereva anainua mguu. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo. Anakusanya buibui kwa mkono mmoja, jiwe kwa mkono mwengine, na ami alikuwa akisema hakuna mtu wa jiwe kama mkewe kutoka Wete mpaka Chake.

Siku ya ajali walikuwa wanakwenda Mgogoni. Kwenye kile kilima kirefu, mtu mmoja wa kule akawasimamisha awape mihogo. Ami akaita, "Jiwe!" Mama akashuka. Goti lake lilikuwa limeshaanza kumsumbua, lakini hakumwambia mtu. Alipoinama likamkatikia, akakaa chini, jiwe likakaa upande. Yule wa mihogo akasema, "Tayari!" kwa niaba yake, kwa nia njema tu, bila ya kutazama. Ami akainua mguu.

Gari ile ilikuwa ya turubai, haina paa la bati. Ikarudi nyuma, ikatoka barabarani, ikateremka bondeni, ikapinduka juu ya migomba. Mama aliyaona yote hayo kakaa palepale chini, na hajawahi kuyasimulia zaidi ya maneno haya: "Niliona magurudumu yanazunguka juu, na sikusikia sauti ya mtu."

Migomba ilimwokoa ami. Alitoka kwa kutambaa, kofia bado iko kichwani, majani ya mgomba kwenye masikio, na neno lake la mwanzo lilikuwa, "Goti lako lina nini?"

Hakuumia hata kidogo. Aliyeumia ni mama, na hakuumia goti tu. Gari ilipotengenezwa ikarudi barabarani, ami akamfungulia mlango, na mama akasimama kizingitini akasema, "Mimi simo. Jiwe sitii tena maisha yangu. Na gari isiyokuwa na kitu juu ya kitwa chako sipandi, nikae pembeni nikutazame unavyobanwa. Ukinitaka humo ndani, tia mabomba ya chuma juu, na tia breki inayojishika yenyewe, asishuke mtu. Na mabomba atayafanya kaka yangu. Ya mtu mwengine siyaamini."

Ami akasema, "Kaka yako?"

"Nina wangapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kaka yake mama, mjomba wangu mimi, alikuwa fundi wa kuchomea: madirisha, milango ya chuma, mageti. Yeye na ami walikua pamoja, wakaoga mvua moja, na ami alimwoa mama kwa kuwa alikuwa akenda nyumba ile kila siku kumfuata huyo rafiki yake. Halafu vikaja vyama. Mmoja akashika huku, mwengine akashika kule. Nani alikuwa upande gani siandiki. Wa kwetu hawana haja ya kuambiwa. Kila mtu wa Pemba ayajua yale mambo, duka hili usinunue, harusi ile usende, maziko yale pita mbali. Wao hawakutukanana hata siku moja. Baada ya uchaguzi mmoja waliacha tu kusemeshana, na kunyamaza huko kukakaa, kukazoeleka. Sikukuu mama anapika, anapeleka sahani upande wa pili, sahani inarudi na kitu juu yake, na wanaume wawili hao hawasemi lolote.

Ami akaifuata ile gari ya abiria muda mrefu kabla ya kukubali, lakini mama kasema. Nikaipeleka gari kwa mjomba, na ami akaja kwa miguu nyuma yangu, kama haijui njia ile. Mjomba akatoka na futi yake. Nilikuwa nimesimama katikati yao, na kazi yote ya kupima ikapita kwangu, kila mmoja ananitazama mimi na kumsema mwenziwe aliye umbali wa mkono.

"Mwambie mume wa dada yangu akae kama anavyokaa akiendesha," mjomba akasema.

Ami keshakaa, macho mbele kwenye kioo. "Mwambie fundi wako hivi ndivyo ninavyokaa."

"Mwambie avue kofia nipime kitwa."

"Mwambie mimi naendesha na kofia."

"Basi mwambie na bendera ya chama chake aipandishe kabisa, nipime na hiyo."

"Mjomba, hilo mimi silipeleki," nikasema.

"Limeshafika," akasema ami.

Wakaendelea hivyo. Bomba moja lipite nyuma ya viti, lipande juu ya vichwa, lishuke mbele kwenye kioo. Jengine hivyo hivyo upande wa pili. Ya kuunganisha juu. Mjomba alipokuwa anakunja futi, ami akanivuta karibu akasema polepole, "Mwambie atie na bomba moja hapa katikati ya viti, kiunoni, litoke nyuma lije mbele. Mkono wa kulia wa mke wangu uwe na kitu cha kushika. Akiogopa, ashike."

Nikalipeleka kama lilivyo. Nilimngoja mjomba arudishe sindano yake, na hakurudisha. Nikamwuliza, "Uje nyumbani umpime mkono?"

"Mkono wa dada yangu naujua," akasema, akaingia ndani.

Sasa kosa lenyewe. Muda wote huo wa kupima, gari ilikuwa imesimama juu ya jiwe, kama kawaida, na hendibreki imelala, kama kawaida. Hakuna aliyeitazama. Mtu aliyezoea jiwe haioni hendibreki hata ikimchoma ubavu. Na watu wanaosema kwa mdomo wa mtu wa tatu hawaongezi neno. Wangekuwa wanasemezana kama zamani, mmoja angemwambia mwenziwe, "Ebo, na hii ikiinuka je?" Lakini neno kama hilo haliagizwi.

Mjomba alifanya kazi. Wallahi alifanya kazi. Mabomba yaliungana huoni wapi yalipoungana, akayapaka rangi ya kijani ya madirisha, na kwa kuwa hajui kutengeneza chuma kisicho na ua, kila pembe akatia kikunjo kidogo kama cha dirisha la chumba cha mwari. Ile gari ikawa kama nyumba imepandishwa magurudumu. Mama alikuja kuiona na bakora yake. Akalishika lile bomba la katikati, akalitikisa, halikutikisika. Kesho yake akaleta kipande cha kanga kuukuu akalizungushia, akalifunga vizuri, pale pale mkono wake unapofika.

"Imebaki breki," akasema.

Breki ilikuwa yangu. Nilikwenda mpaka Tibirinzi kwa mtu mwenye gari mbovu uani kwake, nikapata waya wa hendibreki uliokuwa bado na uhai. Nikafungua magurudumu ya nyuma, nikasafisha, nikatia waya, nikakaza, nikatoka chini nimekuwa mweusi mpaka kwenye meno. Ami kasimama ananitazama kama mtu anayengojea mtoto kuzaliwa. Nikaingia, nikaishika hendibreki, nikaivuta.

Ting.

Ilikuwa haijapanda hata meno mawili, imegonga bomba la mama kwa chini. Nikavuta kwa nguvu. Ting. Bomba limepita juu yake sawasawa, kama limepimwa ili liizuie. Kila kitu chini kilikuwa kizima, waya mzima, breki nzima, kasoro nafasi ya kiganja cha mkono.

Mimi nikatukana bomba, nikamtukana aliyelikata, nikajitukana na mwenyewe nisionekane napendelea. Nikaruka kwenda kuchukua msumeno wa chuma. Niliporudi ami alikuwa keshakaa kwenye kiti cha pembeni, mkono wake juu ya ile kanga.

"Wataka kukata nini?"

"Hili. Kipande tu hapa katikati."

"Hili limefungwa kanga, hulioni?"

"Ami, hendibreki haipandi!"

"Basi hendibreki ndiyo ipishe."

"Chuma kimpishe nani, ami?"

"Wewe ukikutana na mtu mzima njiani wafanya nini? Wamwambia akatwe?" Akashuka. "Hebu fikiri, fundi. Usikasirike, fikiri."

Na haraka ilikuwapo. Goti la mama lilikuwa limevimba siku hizo, ngazi ya gari ya abiria hawezi tena kuipanda. Mamake kule Mgogoni alikuwa mtu mzima sana, macho yameshazimika, na kila anayetoka kule alileta salamu zile zile: "Bibi anauliza, mwanangu haji?" Mama anasikia, anaitikia salamu, anaendelea kupeta mchele, na ami anatoka nje kwenda kuitazama gari.

Nikasema nitaipinda. Chuma kikipata moto kinapindika, hilo najua tangu nilipokuwa mdogo nikichezea misumari. Nikaipeleka gari mpaka kwa mjomba kwa sababu yeye ndiye mwenye jiliwa kubwa la kubania chuma. Nikawasha makaa ya vifuu vya nazi, hayo usiyafanyie mchezo, moto wake mkali kuliko wa kuni zote. Nikaitia hendibreki mpaka ikawa nyekundu, nikaibana, nikaikunja ipite ubavuni mwa bomba, ikatoka shingo nzuri kama ya korongo. Mjomba akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Nikaifunga mahali pake, gari ikiwa nusu ndani ya geti lake na nusu nje. Nikavuta.

Krrrrrr.

Hakuna sauti tamu kama ile. Ikapanda yote, ikapita pembeni mwa bomba bila ya kuligusa, magurudumu ya nyuma yakashika. Nikasukuma gari kwa bega, hata haikutikisika. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Halafu nikabonyeza kitufe cha kwenye ncha yake ili kuishusha, na kitufe hakikubonyea.

Ndani ya hendibreki kuna kijiti cha chuma kilichonyooka. Ukibonyeza kitufe, kijiti kinasukuma kidole kilichoshika meno, kidole kinaachia, breki inafunguka. Sasa mimi nilipoukunja mkono wa hendibreki nikakikunja na kijiti. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Gari ya ami ikabaki imejishika getini kwa mjomba, pua ndani, mgongo barabarani, na juu ya geti lile, nadhani hili sijalisema, mjomba alikuwa ameweka bendera ya chama chake.

Alasiri haijaingia, Wete nzima imeshajua. Napita njiani naulizwa, "Yakhe, ami yako kavuka?" Kwenye kibaraza chao cha kahawa, wenzake ami wa upande wetu wakamnyamazia alipofika, halafu mmoja akasema, "Mzee, tumeiona gari yako kule chini ya kitambaa. Habari ndiyo hiyo?"

"Gari ndiyo iliyovuka," ami akasema, akapokea kikombe chake. "Mimi bado naja kwa miguu."

Wakacheka. Mmoja hakucheka. Akasema, "Mtu anayetaka kuhama huanza kwa kutanguliza vyombo." Nilikuwa nimeshasimama. Sikujua kama nimesimama mpaka niliposikia shati langu linavutwa nyuma. Ami kalishika pindo, hajageuka hata kunitazama, anakunywa kahawa yake.

Tuliporudi nyumbani mama akauliza, "Gari iko wapi?"

"Kwa kaka yako," ami akasema. "Imekataa kutoka."

Mama akafikiri. "Imeshika sana?"

"Imeshika mpaka haiachii."

"Breki isiyoachia nayo ni ajali, ila ya kukaa," mama akasema, na akarudi jikoni. Ami akanitazama. Sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku ile aliporudi kutoka bondeni. Alikuwa anaogopa mkewe asije akasema tena, simo.

Asubuhi yake nilikuwa nateremka na baiskeli kwenda bandarini, kichwa kimejaa kile kijiti. Niliifungua hendibreki kichwani, nikaifunga kichwani, mara kijiti kifupi, mara vijiti viwili. Mbele akatokea mbuzi. Nikabana breki ya baiskeli, nikasimama, na sikuondoka tena pale. Mbuzi kapita, watu wanapita, mimi nautazama waya wa breki. Unatoka mkononi, unazunguka usukani, unakunjika, unashuka, unapinda, na bado unavuta. Waya haujali kona! Kijiti lazima kinyooke; waya hata ukiufunga fundo utavuta. Nikatoa spana mfukoni, nikaufungua palepale, na mkono wake wa kubania pamoja. Nikaendelea kuteremka bila ya breki mpaka kwa mjomba, naburuza ndara, napiga kelele watu wanipishe.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamchorea chini kwa spana: ile shingo ya korongo tuikate, hendibreki iishie chini ya bomba, tuchomee kipande cha chuma bapa kiende pembeni upande wa dereva, halafu mkono upande juu ukiwa nje ya bomba kabisa. Kijiti tutupe. Kidole cha meno tukitoboe tundu nyuma, waya wa baiskeli ukivute badala ya kusukumwa, na mkono wa baiskeli ufungwe juu, mtu aubane kama anavyobana breki.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Mbuzi," nikasema.

Umeme ulipokuja akachomea. Lakini kipimo cha kwenda pembeni kilimtaka mwenyewe akae, maana mkono ukienda sana utagonga paja lake, ukienda kidogo utagusa bomba. Ami akaja. Akapita chini ya bendera, akainama ingawa ilikuwa juu sana, akakaa kitini kwake. Mimi nikaingia chini ya gari kushika waya, na nati ya kukazia nikaibana kwa meno kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mwambie avute," mjomba akasema.

Nitasemaje na nati mdomoni? Nikaguna.

"Mwambie avute, we mtoto!"

Nikaguna tena. Kutoka pale chini nilikuwa naiona miguu ya mjomba na ndara zake zilizoungua cheche, imesimama, inahama mguu mmoja kwenda mwengine. Ndani ya gari hapakutikisika kitu.

Halafu mjomba akasema, "Vuta."

Krrrrrr.

"Imegusa bomba?"

"Haijagusa."

"Na paja lako?"

"Paja salama. Lakini lete kidogo kwangu. Huku kuna vidole vya dada yako, atalishika bomba hapa."

"Nilete kiasi gani?"

"Kidole kimoja. Hapo. Hapo hapo."

"Achia."

Nikasikia mkono wa baiskeli ukibanwa, waya ukapita juu ya uso wangu, kidole kikatoka kwenye meno, na magurudumu yakalegea. Nikaikaza nati. Nikawa nimemaliza, na nikabaki chini. Wakavuta tena na kuachia tena, "vuta," "achia," "imekuja," "ngoja," na ami akasema, "Hiki kikunjo cha pembe umekifanya kama kile cha kitanda cha mama yako," na mjomba akasema, "Ndicho hicho." Mgongo wangu ulikuwa umelowa, kokoto zimeniingia. Sikutoka mpaka waliponivuta kwa miguu.

Tulikwenda Mgogoni siku ya pili yake. Mjomba hakuja, alisema ana dirisha la mtu. Mama alivaa buibui lake zuri, akaja na kikapu na bakora, na akasimama kwenye mlango wa gari kwa muda. Mama akashika lile bomba lenye kanga, akajivuta, akakaa. Mimi nikapanda nyuma.

Njia nzima alikuwa anatazama mbele, mkono wa kulia umeshika. Tulipofika kwenye kile kilima, ami akapunguza mwendo.

"Usisimame hapa," mama akasema.

"Hapa ndipo."

"Simama popote, si hapa."

Ami akasogea pembeni, akasimama palepale katikati ya mlima, bonde lile la migomba liko nyuma yetu. Akavuta. Krrrrrr. Akazima moto. Halafu akainua miguu yake yote miwili kutoka chini, akaikunja, akaiweka juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani, ili mama aione. Hakuna mguu uliokanyaga kitu. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa nje nalitazama tairi la nyuma, na roho yangu yote iko kwenye ule waya wa baiskeli. Tairi halikusogea. Ndege wanalia kwenye mikarafuu. Nilisikia mama anavuta pumzi, anaitoa, anaivuta tena.

Nyuma yetu likaja lori, likapiga honi. Likapiga tena. Dereva akatoa kichwa, "Nyie! Hii barabara ama kibaraza chenu? Tokeni mlimani!"

Damu ikanipanda. "Ngoja nishuke nikamfunze adabu huyu," nikasema, na mguu mmoja umeshatoka nje.

"Kaa kitako wewe," mama akasema, bila ya kugeuka. "Sisi tumepumzika. Anaona njia, na apite."

Nikakaa. Akauachia mkono wake kutoka kwenye lile bomba, akaufungua na kuufumba vidole vipate kunyooka. Akafungua kikapu. Mlikuwa na mkate wa kumimina aliompikia mamake. Akamega pembeni, akamtia ami mdomoni.

Lori likatupita likinguruma, na lilipokuwa sawa na sisi dereva akatazama ndani: mabomba ya kijani, mzee kakunja miguu juu ya kiti, bibi anamlisha mkate. Akapunguza moto. "Mashaallah," akasema. "Ndiyo kwanza fungate?"

Ami mdomo ulikuwa umejaa. Akamwashiria kwa mkono apite, na mama akamega kipande chengine.